Lori Lililosimama Mlimani

Mama,

Ni mimi Njiru. Kuna jambo ambalo nitalazimika kumwambia dada yangu Muthoni, lakini nimeona nikuambie wewe kwanza.

Bado niko Githongo. Nilikuaga nikisema naenda kupakia mawe ya kujenga kwa miezi mitatu, na sasa ni mwaka wa tatu. Huku ni baridi na mvua haiombwi kama kwetu. Mgongo unauma lakini nakula. Mawe tunayapeleka Nchiru, wanakojenga nyumba za kukodisha wanafunzi. Dereva ni Mwenda, Mmeru mwenye kelele. Kwa sababu natoka Mbeere ananiita mtu wa mbuzi. Yeye anakaa ndani, mimi nakaa juu ya mzigo. Hanioni, na kwa injini ile hanisikii, kwa hivyo tunaongea kwa kugonga paa. Nikigonga mara moja anasimama, mara mbili anaenda. Malori ya mawe huku yote ni hivyo.

Siku uliyokufa sikuwepo. Muthoni ndiye aliyekaa nawe kwenye ambulensi kutoka Siakago kwenda Embu. Alinieleza kwamba lori la mchanga lilikuwa mbele yenu. Liliposikia king'ora likasimama pale pale penye barabara nyembamba, nanyi mkakwama nyuma yake. Ulimuuliza, "Tumefika?" Akakuambia bado kidogo. Hukuuliza tena.

Unajua mimi si mtu wa maneno. Lakini kwenye mazishi nilisimama nikamlaani dereva yule mbele ya watu wote. Nilisema alifanya makusudi. Nilisema naye afe barabarani akingoja. Mzee wa kanisa alinivuta koti nikae chini, na mimi nikasema tena.

Sasa nikuambie ya Jumanne. Tulikuwa tunapanda mlima na mzigo. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili ni mtaro. Nikasikia king'ora. Nikageuka, nikaona ambulensi iko nyuma yetu, taa zinazunguka. Nikakuwaza wewe. Nilitaka ipite. Mkono ukagonga kabla kichwa hakijafikiri, mara moja.

Mwenda akasimama, maana ndiyo kazi yake nikigonga hivyo. Tulikuwa karibu na kona, kwa hivyo ambulensi haikuweza kutupita bila kuona kinachoshuka. Na lori lenye mawe likisimama mlimani haliondoki upesi. Niliruka chini nikaweka jiwe nyuma ya tairi lisirudi nyuma likaiponda ambulensi. Muuguzi alitoa kichwa dirishani akasema, "Baba, msisimame hapo. Endeni, endeni." Lori likazima. Mwenda akaliwasha, likazima tena.

Sijui tulikaa dakika ngapi. Lilipotoka, hata hatukwenda mbali. Baada tu ya kona kuna uwanja wa kiwanda cha kahawa, malori matatu yanaweza kusimama pale. Mwenda akawasha indiketa ya kushoto, akaingia, wakapita. Kama nisingegonga tungekuwa tumefika hapo zamani.

Mwenda aliniambia, "Mtu wa mbuzi, ni wewe umenisimamisha." Hakucheka. Yeye hucheka kila kitu.

Alasiri dereva wa ambulensi alitukuta kwenye kibanda cha chai. Nilidhani atatutukana. Aliagiza chai akaketi. Alisema wengi hufanya hivyo, wakisikia king'ora wanaogopa na kukanyaga breki mahali popote. Anachotaka yeye ni uendelee mbele bila pupa, uwashe indiketa ya kushoto ajue umemwona, na ukipata nafasi utoke barabarani kabisa, ndipo usimame. Usirudi barabarani kabla ya kutazama nyuma, huenda kuna nyingine inakuja. Na usimfuate ili upenye msongamano. Mwenda alitazama kikombe chake hapo, kwa sababu hilo tumelifanya pale Makutano zaidi ya mara moja.

Nikamuuliza alikuwa amebeba nani. Alisema ni mama wa kujifungua, damu ilikuwa inatoka. Nikamuuliza kama yuko hai. Alisema alimfikisha akipumua, na baada ya mlango wa hospitali yeye haambiwi kitu. Akalipa chai akaenda. Mpaka leo sijui.

Mimi na Mwenda tumekubaliana kwamba nikigonga mara tatu, gari la dharura liko nyuma, atafute nafasi kushoto. Nimewaambia wapakiaji wengine. Wamenicheka, wanasema Njiru amekuwa polisi wa trafiki. Lakini jana lori moja lilisimama karibu nasi na kuzima injini, nikamsikia aliye juu akimweleza dereva wake habari ya kugonga mara tatu kwa sauti kubwa.

Mama, pengine yule wa lori la mchanga naye alitaka upite. Pengine alikuwa na mtu juu aliyegonga vibaya. Mimi nilimwombea kifo, na sasa kuna watu mahali fulani huku Imenti ambao labda wananiombea mimi vivyo hivyo.

Lala salama. Kahawa ikiisha kuchumwa barabara zitatulia, nitaomba ruhusa nije nyumbani. Nitamwambia Muthoni kwanza, ajue kaka yake ni nani. Halafu Jumapili nitasimama kanisani, mbele ya watu wale wale, niyafute yale maneno ya laana. Mzee akinivuta koti, sitakaa mpaka nimalize.

Mwanao,
Njiru