Mstari Aliosimama Mama

Oli, Arua
14 Oktoba 2018

Mpendwa kaka Afedra,

Pokea salamu zangu. Habari za Nairobi? Wifi Juliet na watoto hawajambo? Kile kifua kilichokuzuia kuja mazishini kimepona, au bado unabishana na dawa kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Mengine yote ni mabaya.

Juzi uliponiuliza kwa nini mama alizikwa Lobule kwa wajomba, kama mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa, simu haikukatika yenyewe. Niliikata mimi. Ulisema baba mdogo Anguzu si mtu wako tena, na Desemba utamfikisha mahakamani. Ndiyo maana naandika kabla hujapanda basi.

Ni kweli alikataa. Unajua kwetu Midia kaburi halichimbwi mpaka mkubwa wa ukoo apige jembe la kwanza, na tangu baba afariki mkubwa ni yeye. Alikaa tu mbele ya mlango wake, akasema, "Huyu mama alichagua watu yake mbele ya kijiji muzima. Sasa hao watu yake wamuzike." Tukamteremsha mama mlimani kwa kitanda, tukampakia kwenye pikapu. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Alikuwa anasema juu ya uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji, mwezi wa saba. Hakukuwa na karatasi. Unasimama nyuma ya mtu wako, mnahesabiwa. Baba mdogo alishindana na Drani. Wengi wetu wa kule juu tulimtaka Drani kwa sababu aliahidi kutuletea pampu ya maji, na mimi nilikuwa nimechoka kupanda ule mlima na jerikeni kichwani. Baba mdogo alishindwa kwa watu watatu. Na katika mstari wa Drani alimwona mjane wa kaka yake.

Kaka, hapa usome umekaa. Unakumbuka macho ya mama, alikuwa haoni tena, tulikuwa tunangoja siku ya upasuaji hapa Arua. Asubuhi ile aliniambia nimpeleke kwenye mstari wa shemeji yake. Nilimshika mkono nikamsimamisha nyuma ya Drani. Kelele zilikuwa nyingi, hakujua. Nilijiambia kura ya mzee mmoja haiwezi kuharibu kitu. Lakini kama mimi na yeye tungesimama upande ule mwingine, baba mdogo angeshinda kwa mtu mmoja.

Mama alimhurumia sana kwa kushindwa. Kila siku aliniuliza, "Shemeji hakuji kunisalimia. Iko mgonjwa?" Nikamjibu kwamba kazi za shamba zimembana. Alifariki akimngoja.

Pampu hatujaiona. Baada ya mazishi nilishindwa kupita mbele ya nyumba ya baba mdogo, nikakimbilia huku Oli kwa rafiki yangu Pasca. Nauza mihogo naye barabarani.

Jumapili ijayo napanda Midia kumweleza baba mdogo mbele ya ukoo wote. Nitamwomba mama arudishwe, alale karibu na baba. Anaweza kunifukuza, ni haki yake. Lakini wewe usimpeleke popote. Hasira uliyomwekea, nipe mimi.

Nisalimie wifi na watoto. Mjomba Lado wa Lobule anakusalimu, ndiye anayepalilia kaburi. Mungu awatunze nyote nyumbani kwako.

Ni mimi dada yako, kama bado utapenda kuniita hivyo,
Mindra