Hadithi Uliyowasimulia Wazimamoto

Ashby Falls, Wisconsin
Alhamisi, mwisho wa Oktoba

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini zitakukuta mzima huko ziwani na kwamba mgongo haukusumbui kwa kukaa juu ya mti tangu alfajiri ukivizia kulungu. Sisi huku hatujambo. Shangazi Bernadine anakusalimu na anauliza kama unakula chakula cha binadamu au unaishi kwa soseji na bia kama mwaka jana. Nimemwambia sijui, maana wewe ukishafika kwenye kibanda chako hata simu haikupati. Ndiyo sababu nampa barua hii jirani yako Harlan akuletee mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Kampeni inakwenda mbio mpaka nasahau nilipolala. Mimi na mpinzani wangu tuko sawa kwa sawa, na Desmond, meneja wangu, anasema nikiteleza sentensi moja tu, kiti cha Mwanasheria Mkuu wa jimbo kimekwenda. Lile tangazo letu la ile kesi ya mauaji linaonyeshwa kila jioni kabla ya habari: wewe na kofia yako ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, mimi na faili langu, na yale maneno, “Baba alimkamata, binti akamtia ndani.” Watoto wananiimbia barabarani. Kaunti yetu ndogo haijawahi kutoa mtu mkubwa hivyo, na wazee wananishika mikono kana kwamba nimekwisha kushinda. Baba, nakitaka kiti hiki. Sitajifanya mnyenyekevu kwako. Tangu niingie ofisi ya mwendesha mashtaka nimekitaka, na wewe unajua.

Sasa nije kwenye Ijumaa ile ya karamu ya samaki wa kukaanga, pale ukumbi wa wazimamoto.

Wewe uliondoka kesho yake asubuhi ukiwa na furaha zako, kwa hiyo huenda hukuona nilivyokaa. Ulishika kipaza sauti kunikaribisha jukwaani. Watu, padri akiwa miongoni mwao, walikuwa na sahani zao mezani, wamekujua maisha yao yote, nawe ukaona uwape kitu cha kucheka. Ukaeleza usiku ule Gene Ostby alipopigwa risasi dukani kwake, kwenye kituo cha mafuta, na jinsi mkewe Verna alivyokuwa akitetemeka hata hawezi kushika kikombe. Ukasema ulishusha kutoka ukutani pale dukani picha ya timu ya mieleka ya sekondari, ukawafunika wengine wote kwa viganja vyako, ukamwachia uso mmoja tu wa Travis Gundlach, ukamwuliza, “Si huyu, Verna?” Kisha ukawaambia watu, “Mnaona? Dakika mbili tu, kesi imekwisha! Hawa vijana wa siku hizi na kompyuta zao wangekuwa bado wanatafuta chaji!” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Kowalke akapiga meza mpaka mchuzi ukamwagika.

Mimi niliweka uma chini. Mahakamani, Baba, ulikula kiapo ukasema ulimwekea Verna picha sita za vijana sita mezani, naye akachagua mwenyewe bila kusaidiwa. Nani aliyekuuliza lile swali? Mimi. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwako na gauni jipya ulilonipongezea. Baraza la raia walioamua kesi likamtia hatiani kijana yule kwa ushahidi huo na mwingine mdogo mdogo, akapewa kifungo cha maisha.

Ijumaa ile tulipotoka ukumbini, nilikuuliza garini kama hadithi ile ni ya kweli. Ulicheka ukasema, “Ningedanganya mbele ya padri?” Kisha ukanitazama usoni, ukaelewa, na sauti yako ikabadilika. Ukasema, “Aa, Rochelle, nilikuwa natia chumvi tu. Watu wanapenda chumvi.” Halafu ukawasha redio. Nilitamani kukuamini, kwa roho yangu yote.

Jumatatu nilikwenda kwa Verna na mpelelezi wa ofisi yangu, ili asije mtu akasema nilimlisha maneno. Alitukaribisha kahawa na keki ya tufaha. Nilimwuliza polepole ilivyokuwa. Hakushtuka, Baba. Alisema alidhani mimi nilijua siku zote. Akasema, “Baba yako alinionyesha mmoja tu. Nikamwambia, Norbert, kama wewe unasema ndiye, basi ndiye. Mimi nilikuwa nimelala chini nyuma ya kaunta, mwanangu. Niliona viatu.” Kisha akaniuliza kama nataka keki nyingine.

Nilimweleza Desmond, akafunga mlango wa ofisi na kuteremsha pazia. Akaniambia nisiwe mjinga, kwamba watu zaidi ya mia waliisikia hadithi ile na hakuna hata mmoja aliyeelewa alichosikia. “Ngoja Jumanne ya kura ipite,” alisema. “Kijana kashakaa ndani miaka tisa, wiki moja na ushee itamwua? Ukishakuwa Mwanasheria Mkuu utamtoa mwenyewe, tena kwa heshima.” Nilikaribia kumkubalia, na ninaona haya kukuandikia hivyo. Maneno yake yalikuwa na akili, na ndiyo yaliyonitisha.

Sijui kama Travis ni mwuaji au si mwuaji. Wewe uliamini ndiye, nami najua hukufanya vile kwa chuki. Gene alikuwa rafiki yako, ulimfumba macho kwa mkono wako. Lakini nilimfunga mtu kwa macho ya mwanamke ambaye hakuona kitu, nawe ulijua na ukaniacha niendelee. Hilo limeniuma kuliko kura zote nitakazokosa. Nina hasira nawe, Baba. Nakupenda na nina hasira nawe, na sijui nianze na lipi.

Kwa hiyo nikuambie nilichofanya. Leo asubuhi nimepeleka mahakamani kila kitu: maneno yako ya ukumbini, ya garini, na ya Verna. Nimeomba kesi ifunguliwe upya na ofisi yangu ikae kando, aletwe mwendesha mashtaka wa kaunti nyingine. Tangazo la televisheni nimelisimamisha. Desmond amejiuzulu kwa ujumbe wa simu. Jina langu haliwezi tena kuondolewa kwenye karatasi za kura, basi atakayenichagua anichague akijua.

Tena si hilo tu. Kwa kuwa humu nimeandika uliyoniambia, barua hii nayo ni ushahidi, na sheria hainiruhusu kuikalia. Nimetoa nakala yake kabla ya kuifunga. Wakati Harlan anakugongea mlango, wakili wa Travis atakuwa ameshaisoma neno kwa neno, hata pale niliposema nakupenda. Nilifikiri kulifuta, nikaliacha.

Tafuta wakili, Baba, tena mzuri. Usinipigie simu, usije ofisini, wala usimtume Shangazi. Mimi sitakujibu mpaka jambo hili liishe, na kutokujibu kutaniuma kila siku. Atakayekuja kukuhoji utakuwa humjui. Msimulie kama ulivyowasimulia wazimamoto, ila safari hii bila kuchekesha.

Nisalimie Harlan na mkewe. Vaa fulana nzito, usiku huku umeshaanza kuganda. Mungu akulinde.

Ni mimi binti yako, niliyemwuliza shahidi wake swali na kuridhika na jibu,

Rochelle Kubiak