Mama Yangu Anakaa Mbele

Jumatatu, 3 Novemba
Mazoezi. Baridi kali. Farasi mzito leo, mguu wa nyuma anauburura. Nimemrudisha tena na tena akanyage papo hapo bila kusogea, mwishowe akaelewa. Shangazi kapiga simu kutoka Ujerumani. Dada wa marehemu baba, Mjerumani wa ukoo wa kikabaila, mwenye kasri, mwenye jina refu, na mwenye farasi huyu. Anakuja kwenye mashindano ya mwisho wa mwezi hapa Stockholm. Nikipanda vizuri, farasi ni wangu mpaka Olimpiki. Itakuwa ya pili kwangu.

Kisha akaongeza: mama yako asije.

Jumanne, 4 Novemba
Nimechukia. Basi.

Kisa vigelegele. Mwaka jana mama alivipiga katikati ya mchezo, ukumbi kimya kama msibani, farasi akaruka pembeni, alama zikaenda. Kwenye dresaji, mchezo huu wa kumchezesha farasi kwa madaha, mtu hashangilii mpaka mpandaji awainamishie majaji kichwa mwishoni. Mama hakujua. Kwao mwanao akipendeza mbele za watu, unanyamazaje? Shangazi akasema ni ushamba. Ushamba! Mwanamke aliyezeekea Husby, pembezoni mwa jiji hili, akiuguza wazee wa watu, usiku na mchana, ili mimi nipande farasi.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekwenda Husby. Kumbe wifi yake keshampigia.

"Sitakuja, mwanangu. Nitatazama kwenye simu."

Akainuka kusonga ugali ambao hakuna aliyeuomba. Hakunitazama. Ng'o! Sikubali.

Jumapili, 9 Novemba
Nimewaleta bandani baada ya kanisa. Mama na wenzake wawili wa kwaya, mmoja Mkongo mwenye sauti ya kutoboa bati. Nikapanda. Nikawaambia, haya, pigeni vigelegele, azoee. Farasi akachachamaa, nusura anibwage. Tena. Tena. Mwishowe akasimama anatafuna chuma cha lijamu, masikio tu yanacheza. Mkongo akasema, "Huyu sasa ni mutu wa arusi." Tumecheka mpaka machozi. Mama nimemfundisha: subiri kichwa changu kiiname, ndipo upige.

Jumatano, 26 Novemba
Shangazi kafika, na habari za bandani kazipata. Hakupandisha sauti. Watu wa makasri hawapandishi. Mama akikanyaga ukumbini, farasi anakwenda kwa binamu yangu. Nimemjibu: mama yangu anakaa mbele.

Nampenda farasi huyu. Nimemlea tangu hajui kutembea na mtu mgongoni. Lakini nimfiche mama yangu? Thubutu! Liwalo na liwe.

Jumamosi, 29 Novemba
Sijawahi kupanda hivi maishani. Mama kimya, kiganja mdomoni, mwanzo mwisho. Nikasimama. Nikainamisha kichwa. Akaachia vigelegele.

Ukumbi mzima uligeuka. Farasi hakutikisika. Jaji mmoja akatabasamu. Nimekuwa wa pili, na nilivimba kichwa kweli. Shangazi alitoka kabla ya tuzo.

Jumatatu, 1 Desemba
Gari la kumpeleka farasi kwa binamu lilikuja asubuhi. Alipanda bila ubishi, ananiamini. Nimelia, kisha nimefagia banda.

Olimpiki ndiyo hiyo imekwenda. Mama kapiga simu: "Ningenyamaza tu hata mwisho." Nimemwambia asirudie maneno hayo.

Nimepata kazi ya kufundisha kwenye shule ndogo ya farasi kule Farsta. Wana jike moja la farasi, zee, nene, la kwangu nikitaka. Hakuna ukumbi, kuna benchi tu kando ya uzio. Naanza kesho.

Mama kauliza aje saa ngapi.