Mlipomzika Mama, Huku Walikuwa Wakimwonyesha Malkia

Thorncliffe Park, Toronto
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu umepoa na unakwenda sokoni bila fimbo. Shemeji je, kile kifua kimemwachia? Na mvua zimewafikia huko Korogwe, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mzima wa mwili. Baridi imeanza kurudi, na lifti ya jengo letu imeharibika tena. Nakaa ghorofa ya kumi na moja, kwa hiyo nimekuwa mtu wa mazoezi bila kupenda.

Utashangaa kuletewa karatasi siku hizi. Anayekuletea ni Mama Rukia, mtu wa Muheza tunayeswali naye hapa, anakuja kumwoza binti yake. Mpe maji ya kunywa, usimwache aondoke hivihivi. Ningeweza kupiga simu, lakini mimi na wewe kwenye simu tunaongea kama watu waliokutana dukani. Hujambo, sijambo, watoto wazima, haya basi. Imekuwa hivyo tangu siku aliyozikwa Mama, na najua kwa nini. Leo nataka nikueleze siku ile ilivyokuwa huku, nisikufiche kitu, kisha uamue mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa na wiki tatu tu katika kazi ya kumtunza Bi Kulsum, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Tanga mjini, anayeishi Thornhill kwa binti yake Farida. Kutoka kwangu ni treni na mabasi mawili. Nilikuwa nikimwogesha, namlisha, nampa dawa, namgeuza kitandani. Walinichukua kwa sababu ya Kiswahili. Wajukuu wanamwelewa lakini wanamjibu kwa Kiingereza, naye alikuwa amechoka kujibiwa hivyo. Mimi akiniita "wee mwana", na akikasirika alinitukana kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Televisheni ya Bi Kulsum haikuzimwa tangu asubuhi mpaka alale. Alhamisi moja tukila chakula cha mchana, mtangazaji akakatiza kipindi. Alivaa suti nyeusi na tai nyeusi. Alitazama chini kidogo, kisha akasema Malkia wa Uingereza amefariki. Huku, dada, Malkia yule alikuwa wa kwao pia, hata kwenye sarafu yumo. Bendera ya shule iliyo mbele ya kituo changu cha basi ikashushwa nusu mlingoti siku ileile.

Tangu saa ile hapakuwa na habari nyingine. Ukibadilisha stesheni, unamkuta. Watangazaji wote wamevaa nyeusi, wanazungumza kwa sauti ya chini kama watu walio chumbani kwa mgonjwa. Walimwonyesha akiwa mtoto, akiwa bibi harusi, akiwa juu ya farasi, halafu wanaanza tena. Waliita wataalamu wa kueleza jeneza ni la mti gani na maua ya juu yake yamechumwa bustani ipi. Waliweka ramani yenye mstari mwekundu kuonyesha maiti atapita barabara gani. Waliwasimamisha watu wa hapahapa Toronto mitaani wakawauliza walikuwa wapi waliposikia. Mimi nilikuwa natazama kwa jicho moja huku nikikunja nguo. Nilimwonea huruma, kama unavyomwonea huruma marehemu yeyote, basi.

Jumatano iliyofuata ndiyo siku yetu. Sheria ya nyumba ile ni kwamba mfanyakazi akiingia, simu inabaki kwenye mkoba pale mlangoni mpaka saa ya mapumziko. Niliingia saa moja asubuhi. Saa tatu na ushei walianza kuonyesha maiti ya Malkia ikitolewa ikulu kwenda kuwekwa ukumbini watu wakamuage. Jeneza lilikuwa juu ya gari la mzinga, taji juu yake, na wanawe wanatembea nyuma kwa miguu. Bi Kulsum akaniambia nikae nitazame naye. Nikakaa. Nilitazama yote, dada. Nilitazama mpaka walipomfikisha ndani na askari wanane wakamshusha polepole, na mtangazaji akanyamaza kabisa.

Saa sita nikaenda kwenye mkoba wangu. Nikakuta ujumbe wa shemeji wa saa nane na nusu mchana ya huko, ulioingia nimeshaiacha simu mlangoni: Mama ametutoka asubuhi, tunazika alasiri. Chini yake kuna simu zako saba. Chini yake tena, shemeji: tumeshazika. Nikahesabu saa kwa vidole. Wakati nimekaa kwenye kochi namtazama Malkia akipitishwa, ninyi mlikuwa mnamteremsha Mama.

Nilikupigia palepale, nimesimama kwenye viatu vya watu. Sebuleni walikuwa wakirudia yale ya asubuhi, na bendi ya jeshi ilikuwa inapiga, matarumbeta na ngoma kubwa.

Nikasema, "Dada."

Ukasema, "Umeona ujumbe saa hizi?"

"Nilikuwa kazini."

Bendi ikawa inasikika. Ukaniuliza, "Zuhura, uko harusini?"

"Hapana, dada, ni televisheni."

"Mama tumemzika leo," ukasema, "wewe umekaa na televisheni." Ukakata.

Baadaye ulimwambia shangazi kwamba sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Ni kweli, haikutetemeka. Sijui sauti yangu ilikuwa imekwenda wapi. Nilirudi jikoni, nikapasha supu, nikamlisha Bi Kulsum kijiko kwa kijiko. Kwenye televisheni walikuwa wanaonyesha foleni ya watu wanaosubiri kumuaga Malkia. Mama mmoja wa makamo, aliyetoka mbali, alifika mbele ya jeneza, akainamisha kichwa, akaondoka. Ilikuwa kama pumzi moja tu. Nilipomwona akifuta macho, mimi nikaanza kutokwa na machozi, supu ikaanza kumwagika.

Farida aliingia wakati huo. Akanikumbatia, akanipa karatasi ya kujifuta, akasema, "Pole Zuhura, na wewe kumbe ulikuwa unampenda Malkia!"

Nikaitikia kwa kichwa. Hili ndilo sijamwambia mtu yeyote. Nilimkana Mama mbele ya watu. Nilikuwa mgeni kazini, niliogopa nikisema nimefiwa wataniambia nikapumzike nyumbani, nikirudi nikute wameshampata mwingine. Na makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado hayajajibiwa. Ningetoka nchi hii hata kwa arobaini ya Mama, nisingeruhusiwa kurudi. Basi nikamlilia Mama kwa jina la Malkia, na watu wakanipa pole za Malkia, nikazipokea.

Kesho yake Bi Kulsum aliniita. "Wee mwana, hebu kaa hapa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Huyu Malkia unamjua?"

"Namjua kwenye televisheni tu, Bi."

"Mimi nilipokuwa mdogo Tanga walitusimamisha juani shule nzima tupunge vibendera, anapita jamaa yake mmoja kwenye gari. Hata uso sikumwona. Mimi simlilii. Wewe unamlilia nini?"

Nikaanza kukunja ukingo wa shuka.

"Nani amekufa kwenu?"

"Mama."

"Lini?"

"Jana."

"Jana, wakati unanipa supu?"

"Alikuwa ameshazikwa, Bi."

Alipapasa shuka akaipata rimoti, akaibonyeza mara mbili tatu ndipo televisheni ikazimika. Katika wiki zangu zote pale sikuwahi kuisikia nyumba ile ikiwa kimya. Akaniuliza jina la Mama. Nikasema Mwanaisha binti Salimu. Akaanza kumsomea Yasini kwa kile kisauti chake cha kukwaruza. Alisahau katikati, akarudi nyuma, akaendelea. Hapo ndipo nilipolia, dada. Nililia mpaka akanishika kichwa akakilaza mapajani mwake, mimi niliyeajiriwa kumtunza yeye.

Alimweleza Farida kwa lugha yao. Farida akaja akakaa karibu nami, akaniuliza mbona sikumwambia. Nikasema niliogopa. Akainama, hakuniuliza niliogopa nini. Aliniambia nikapumzike siku tatu. Nilikwenda moja tu, nikarudi, maana kule kwangu hakukuwa na mtu wa kukaa naye matanga. Kwa Bi Kulsum yalikuwepo. Televisheni haikuwashwa tena wiki ile. Jumatatu, siku ya kumzika Malkia, Farida alitaka atazame, mama yake akamwambia akatazame kwa jirani.

Sasa nikueleze kwa nini nimeandika leo, si mwaka ule. Bi Kulsum ametangulia mwezi uliopita. Amekwenda vizuri, amelala. Farida aliniambia wanawake wa jamaa yao wanaoosha maiti wamekubali niingie nao, kwa kuwa mama yake alitaka hivyo. Nikaingia. Nilimmiminia maji. Nilimshika mkono wa kulia, mwepesi, vidole vyote vimenyooka, na nikakumbuka kidole cha Mama kile kilichopigwa na sindano ya cherehani alipokuwa anashona mashati ya shule, kikapinda na hakikunyooka tena. Nikabaki nimesimama na kata ya maji mkononi. Yule mama aliyekuwa anatuongoza akaniuliza kama najisikia vibaya. Nilikuwa najiuliza nani alikishika kidole kile.

Mazishi ya Malkia nayajua, dada. Nilisimuliwa maua, barabara, farasi, nani alitembea wa kwanza na nani wa pili. Ya Mama sijui hata kitu kimoja. Sijui alikata roho akiwa na nani. Sijui alisema neno gani la mwisho, kama alisema. Sijui nani alimwosha na sanda alishona nani. Sijui mlimpitisha njia ya mtoni au ya msikitini, wala amelazwa karibu na Baba au upande wa pili. Sikuthubutu kukuuliza, kwa sababu uliniuliza niko harusini, nikaona sina haki ya kuuliza.

Sikuombi unisamehe kwa kutokuja, maana sikuwa na njia. Nakuomba unisamehe kwa miaka yote hii ya hujambo sijambo. Makaratasi yangu yametoka tangu mwaka jana. Nimekuwa nikikwambia kazi nyingi, ruhusa hakuna. Uongo. Nilikuwa nakuogopa wewe. Sasa nakuja, mwezi wa kumi na mbili, Inshallah, nikae mwezi mzima. Usije stendi na watu wala msipike chochote siku ile. Njoo peke yako, tupitie makaburini kwanza. Halafu twende nyumbani, tukae mkekani, unieleze tangu asubuhi ile mpaka mlipokung'uta mikono. Unieleze polepole, na ukitaka kunigombeza, nigombeze hapohapo katikati.

Mpe shemeji salamu nyingi, na asante kwa ujumbe wake, maana hata siku ile hakunisahau. Shangazi mwamkie, mwambie simchukii kwa kunifikishia maneno yako. Msalimie jirani yetu fundi, yule aliyekuwa akimtilia Mama uzi kwenye sindano macho yalipopungua. Wanao wabusu wote, na huyo wa mwisho ambaye sijamwona umwambie ana mama mdogo.

Barua zangu zote za zamani nilizimaliza kwa kuandika mwamkie Mama. Hii sijui niimalize namna gani. Basi Ijumaa ukienda kumsomea, mwambie Zuhura anakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura