Tundu la Pili la Boksi la Baba Yako

Ibighi,
Tukuyu.
11 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Isakwisa,

Watu wengi wakiona boksi la gitaa, lile la kukuzia sauti, lina matundu mawili ya kuchomekea waya, hudhani limetengenezwa kwa ajili ya wapigaji wawili. Hilo ndilo kosa. Nimeliandika kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitauliza habari za mvua, za mifugo na za majirani mpaka karatasi iishe, na lile lililonifanya nishike kalamu litabaki tumboni.

Basi sasa nikusalimu. Ugonile, mwanangu? Mkeo Lilian hajambo? Na yule mjukuu wangu ambaye nimemwona kwenye picha tu, ameshaota meno? Sisi huku tu wazima. Mvua za vuli zimeanza mapema, ndizi zimesimama vizuri, na goti langu la kushoto linanisumbua tu ninapopanda kutoka sokoni. Mama yako mdogo Veronika anapika muda huu na ameniambia nisikuandikie mambo marefu. Nitamwasi kidogo.

Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei. Sikulaumu. Barua hii anakuletea Debora, anayekuja Mwanza kumtazama dada yake aliyejifungua. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Unakumbuka ile Sikukuu ya Mavuno kule Kisondela, miaka mitatu iliyopita. Kwaya ilialikwa, boksi la marehemu baba yako, kaka yangu, likapakiwa kwenye bodaboda likiwa limefungwa kwa kitenge cha mama yako, na mimi nikawa mtu wa mitambo kama kawaida. Kinanda kipya cha Ambindwile kilikuwa hakina pa kuchomekwa. Spika kubwa za kanisa zilikuwepo, lakini waya wa kuzifikia ulikuwa mfupi, na mimi nilikuwa mvivu wa kwenda kutafuta mwingine, nikaamua kukichomeka kwenye lile boksi.

Uliniambia kwa adabu, tena kwa sauti ndogo ili watu wasisikie, "Baba, hili ni la gitaa tu. Kinanda kitaliumiza."

Nami nikakujibu kwa sauti kubwa ili watu wasikie, "Tundu la pili wameliweka la nini, Isakwisa? La kupitishia panya?" Kwaya nzima ikacheka. Nikaongeza kwamba nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Ukaanza kukaza nyuzi zako.

Sasa ngoja nieleze kile ambacho mwalimu wa fizikia alipaswa kukijua. Gitaa la umeme, peke yake, lina sauti nyembamba. Boksi lake ndilo linalolipa kifua. Limetengenezwa liipende sauti ya katikati, ile ya kooni, na kuziacha zile nzito sana na zile kali sana. Ndiyo maana baba yako alikuwa akisema gitaa na boksi lake ni ala moja iliyokatwa vipande viwili. Na lile tundu la pili ni la gitaa la aina yenye nguvu zaidi, si la mpigaji wa pili. Kinanda si hivyo. Kinanda huja na sauti iliyokwisha kukamilika, kuanzia ngurumo ya chini mpaka filimbi ya juu, nacho kinahitaji spika pana itakayorudisha yote kama ilivyopewa. Ukikipitisha kwenye boksi la gitaa, kwanza kinasikika kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Pili, mkono wa kushoto wa mpigaji unaisukuma karatasi ya spika kwa nguvu ambayo haikuzaliwa nayo.

Na kuna jambo la tatu, ambalo halihitaji fizikia. Ambindwile hakujisikia, akanipungia mkono, nikamwongezea sauti. Wewe ukamezwa, ukajiongezea. Naye akamezwa tena. Mlikuwa kama watu wawili wanaopigiana hadithi mbele ya mashine ya kusaga. Lakini tofauti moja ipo, na hii sijaisema kwa mtu yeyote kwa miaka mitatu: wewe ulijiongezea mara moja tu. Mimi nilikiongezea kinanda mara nne, na mara ya nne nilizungusha hata kitufe cha sauti nzito mpaka mwisho wake.

Katika wimbo wa tatu boksi likakohoa, kisha likatoa sauti ya nailoni inayopasuliwa. Mnada wa mavuno ukaendelea bila muziki, parachichi zikinadiwa kwa makofi. Mwenyekiti wetu Ambwene akasema pale pale, "Huyu kijana na gitaa lake la baa." Watu wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeinama nikikunja waya, na nilichelewa makusudi kuinuka.

Wiki mbili baadaye kamati ilikaa. Nakumbuka ulivyosimama umeshika kofia yako. Ambwene aliniuliza, "Mwalimu Jotham, wewe ndiye mtu wa mitambo. Unasemaje?" Nikajibu, "Vifaa huchoka. Na vijana hupenda sauti." Hayo tu. Maneno sita, na hakuna hata moja lililo la uongo likisimama peke yake. Ila niliyapanga yakuelekee wewe.

Nawe hukunijibu. Nilijua hutanijibu. Kwetu mtoto hamwambii baba yake "umekosea" mbele ya wazee, na mimi, mdogo wa baba yako, ndiye baba uliyebaki naye. Niliificha aibu yangu nyuma ya malezi yako mema. Hilo linanichoma kuliko boksi lenyewe. Ungekuwa mtoto mkorofi ungejitetea, na leo ungekuwa bado unapiga nasi. Wakakusimamisha mwaka mmoja. Wewe ukaondoka kabisa.

Boksi lilibaki kwangu, stoo, likiwa bado na kile kitenge. Mwezi uliopita nikaona nilitengeneze kimya kimya. Nililipeleka Msasani yetu ya hapa Tukuyu kwa fundi Ndimyake, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko bisibisi zake. Alilifungua, akaibonyeza ile karatasi kwa vidole, akanitazama.

"Hii haikuuawa na gitaa, mwalimu," akasema. "Imesukumwa na sauti nzito mpaka ikatoka kwenye njia yake. Nani alichomeka kinanda humu?"

"Mtu mmoja," nikasema.

Nikatoka. Nilifika karibu na nyumbani ndipo nikasimama. Mtu wa miaka sabini na mbili, ameulizwa na fundi asiyemjua, wala hakuna kamati iliyokaa, na bado amejificha. Nikageuka, nikashuka tena Msasani na goti langu, nikamwambia ni mimi.

"Nilijua," akasema, bila hata kuinua kichwa. "Ulisema 'mtu mmoja' huku unaangalia viatu vyako. Keti, shikamoo, nikupe chai."

Jumamosi iliyopita, tarehe tisa, nilisimama mazoezini na kuieleza kwaya yote kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na zile mara nne na kile kitufe. Ambwene akasema, "Mwalimu, miaka mitatu?" Ndipo bibi Atupele wa sauti ya pili akasema kutoka kule nyuma, "Na sisi tuliocheka, tunasimama lini?" Hakuna aliyecheka safari hii. Jana jina lako lilisomwa kanisani baada ya matangazo, kwamba lawama ile haikuwa yako na kwamba kwaya inakuomba radhi. Nimeomba niache kuwa mtu wa mitambo, na wamekubali. Nilidhani wangenibembeleza. Hawakunibembeleza, na ni haki.

Kabla ya kuachia kazi hiyo niliyapanga mambo kama ulivyokuwa ukisema. Kinanda sasa kinapita kwenye miksa ya kuchanganyia sauti na kutokea spika kubwa za kanisa. Tulinunua waya mrefu, jambo ambalo lingetuchukua nusu saa siku ile. Ambindwile ameombwa aupunguze mkono wake wa kushoto ili gitaa la besi lipate pa kukaa, na amekubali kwa kunung'unika. Boksi la baba yako limewekwa upande wa kulia, limeinamishwa kidogo lielekee masikio ya mpigaji na si magoti yake, na maiki moja imesimama mbele yake. Wote wawili watasikika bila kupigana. Ndimyake ameweka spika mpya, na tundu la pili ameliziba kwa gundi nyeusi. Sikumtuma. Alisema ni dawa ya kinga.

Hakuna aliyelichomeka tangu lirudi. Vijana wawili waliomba nikawakatalia. Baba yako alilibeba begani kutoka Kitwe kule Zambia alikokuwa akifanya kazi, na alitaka lilie kwanza mikononi mwako.

Sasa la Sekela. Dada yako anaolewa Jumamosi ya tarehe kumi na nne Desemba. Unajua alivyomwahidi baba yenu hospitalini kwamba siku akitoka nyumbani kuolewa utampigia gitaa wewe. Ameniambia ulimjibu kuwa hutakanyaga mahali unapoitwa mharibifu. Nilipomsikia nilijua kwamba mtu anayemnyima Sekela kaka yake siyo wewe, ni mimi. Jina hilo sasa limeondolewa. Hilo ndilo nililoweza kulirudisha. Miaka mitatu siwezi, wala Krismasi tatu ulizokula ugenini.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Msamaha nitauomba uso kwa uso, na kama hutaki kuniona siku ya harusi nitakaa nyuma kabisa na wapishi. Nimeshamwambia Veronika, naye amesema nitawaharibia na wapishi wenyewe.

Anakusalimu sana mama yako Veronika, anakusalimu Ambindwile ambaye anasema kinanda bila gitaa lako ni kama kande bila chumvi, na bibi Atupele anauliza kama bado unakonda. Nisalimie Lilian, na mtoto umshike kichwa kwa niaba yangu. Kyala akusaje, Mungu akubariki, wewe na nyumba yako, awape usingizi mzuri kuliko wangu wa miaka hii.

Wako akupendaye, aliyechelewa kuinuka,

Baba yako mdogo,
Jotham

Ukishasoma mpaka hapa, usinipigie simu mimi. Mpigie Sekela leo.