Faili Lilikuwa Chini ya Laptopu

Mwenzangu, nimeumbuka. Hata nguvu ya kulia sina.

Si unajua nahangaika na ile shahada ya uzamili ya mifumo ya taarifa za afya, ya kusomea mtandaoni? Mwezi mzima nalinganisha vyuo vitatu mpaka macho yanauma. Leo mhadhiri wa chuo kimoja akanipigia kwa video, niko kazini, kwenye chumba cha mafaili. Nikaiweka laptopu juu ya rundo la mafaili ili uso uonekane vizuri.

Akauliza kwa nini nataka kozi hiyo. Nami kwa madaha: "Hospitalini kwetu mafaili ya wagonjwa yanapotea ovyo."

Hapo hapo muuguzi akaingia mbio. "Dada, faili la mama wa kitanda cha sita! Chumba cha upasuaji wanalisubiri, tumelitafuta tangu asubuhi!"

Lilikuwa chini ya laptopu.

CHINI YA LAPTOPU, mwenzangu!

Nikalichomoa, laptopu ikalala chali, mhadhiri akabaki anatazama dari. Wala hakucheka. Akasema tu taratibu, "Sawa. Tatizo nimeliona."

Mama kapasuliwa salama, ashukuriwe Mungu.

Na chuo nimechagua hicho hicho. Sina nguvu ya kuumbuka mara tatu.