Nyuzi Zilizofutwa kwa Leso

Shikamoo Shangazi Mshai,

Natumaini goti limetulia. Nakuandikia kutoka hoteli moja ya Shelly Beach, jasho likilowesha kadi. Nilitumwa kuandika habari za Daktari Mwanasha, mtafiti wa peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Ukivitia na tone la maji juu ya bamba la ulanga, lile jiwe jembamba ling'aalo kama kioo, vinajipanga vyenyewe kuwa nyuzi nyembamba mno, bila msimamizi. Alitaka mgeni rasmi azione nyuzi hizo kwenye skrini ya hadubini, ili ampe chumba cha maabara hapa Likoni.

Sisi waalikwa tulikuwa na wasimamizi wanne, na walitupanga upya mara tatu. Gari la mgeni lilipoingia, afisa wa itifaki aliona bamba limelowa mezani, akalifuta kwa leso.

"Wallahi umenimaliza!" akasema Mwanasha.

"Mama, mheshimiwa haonyeshwi vitu vichafu."

Bamba likawekwa hivyo hivyo chini ya hadubini. Mheshimiwa akaitazama skrini tupu kwa makini. "Naona zimejipanga vizuri sana," akasema, nasi tukapiga makofi. Chumba akakitoa papo hapo.

Nilimuuliza Mwanasha kama atamweleza kwamba alichoona ni ulanga mtupu.

"Nitamweleza, kaka," akasema, "nikishashika ufunguo."

Jikinge na baridi ya Wundanyi, shangazi, na Mungu akuhifadhi wewe na kuku wako wote.

Mwanao,
Mwakio